Simu tumelipa, ufunguo uko kwa nani?



Leo tuongelee kitu ambacho kila mmoja anacho mfukoni. Wengi wetu tumemaliza chuo, kazi hakuna, na simu ndiyo biro yetu. Barua za kuomba kazi tunaandikia humo, pesa kidogo inaingia humo, na usiku mbaya habari za hatari zinapitia humo.

Mnakumbuka RAM. Septemba 2020 serikali ilianza kukata unite zetu: dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G, dola 7 kwa ile ya 3G kwenda juu. Raia walipiga kelele, na mwaka 2022 ikaondolewa. Tulisema wakati ule: simu ni yetu, tumeinunua. Basi na wenye kuzitengeneza tuwaulize vilevile.

Ukiwasha simu, programu inayoamka kwanza inaitwa butiloda. Ni mlinzi wa mlango, anapitisha tu mfumo wenye muhuri wa kampuni. Ukifunguliwa mlango huo, unaweza kuweka mfumo mwingine, ama kufanya ruti, ndiyo kusema kushika mamlaka yote ndani ya simu. HTC ilikubali kufungulia wateja mwaka 2011. Huawei ilikuwa inatoa kode za kufungua, ikaacha 2018.

Faida iko. Mwaka 2020 watafiti walikuta virusi Triada na xHelper ndani ya simu za Tecno W2 zilizouzwa Afrika, Ethiopia na Kameruni zikiwemo. Vilitoka dukani pamoja na simu! Vilikuwa vinaandikisha watu kwenye huduma za kulipia, unite zinaliwa. Mwenye simu hana uwezo wa kufuta kitu kilichokaa ndani kabisa ya mfumo. Anayekataza nani afute?

Lakini tusidanganyane. Kufungua butiloda kunafuta picha na namba zako zote. Programu nyingi za benki zinakataa simu yenye ruti. Mwenzetu mmoja alijaribu kwa mafaili aliyookota tu kwenye intaneti, simu haikuwaka tena, na dola za kununua ingine hana mpaka leo.

Na sisi wa maandamano tuko na hatari yetu. Simu ikishikwa pale kasho ikiwa butiloda iko wazi, mtu anaweza kuingiza mfumo wake, akakurudishia ukisema asante. Kwa hiyo simu ya pesa na ya kazi ya mouvement ibaki imefungwa, na muweke kode ndefu.

Kwa kampuni tunadai kitu kimoja: siku mnaacha kutuma maboresho ya usalama, toeni ufunguo, bure. Mnatuachia simu iliyozeeka na mlango mmeufunga, hiyo hapana.

Wenye simu za zamani zilizolala nyumbani, mzilete Jumamosi. Tutajifunzia kwa hizo, hata zikikufa si neno.