Uwanja wa Shule Nao ni Haki ya Mtoto

(Haya ni maneno niliyozungumza na vijana wenzangu hapa Akheri, Meru. Nayaweka hapa kwa ajili ya makamanda ambao hawakufika.)

 

Najua wengine mlitegemea niongelee katiba mpya. Tutafika huko. Leo naomba tuzungumzie uwanja wa shule: miti, kivuli, nyasi, bustani, na mahali pa mtoto kukimbia. Kuna mtu atasema hiyo siyo siasa. Sasa kama kuamua ardhi ya umma itumiwe na nani siyo siasa, mimi sijui siasa ni nini.

Sisi wa Akheri tuna bahati. Ukitoka nje unakutana na migomba, kahawa, mringaringa, na mlima umekaa pale juu unatuangalia. Lakini shuka ukanda wa tambarare, Kikwe mpaka Mbuguni, kiangazi kikiwa kimekolea. Kivuli ni cha kutafuta. Halmashauri ni moja, ila mtoto wa huku akitoka darasani anapumua, na wa kule anatoka kwenye joto la bati anaingia kwenye vumbi.

Na huku juu tusibweteke. Shule ikibanana, kinachotangulia kuondoka ni mti na uwanja. Mwaka 2021 nchi ilipata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka IMF, na sehemu ya fedha hizo ikajenga madarasa 15,000. Madarasa tunayataka, tusidanganyane. Swali langu ni dogo tu: kwenye ramani ya hayo majengo, mtoto atachezea wapi?

Siongei kwa hisia tu. Huko Guangzhou, China, watafiti waliwaongezea watoto wa darasa la kwanza dakika 40 za kipindi cha nje kila siku ya shule. Matokeo yalitoka mwaka 2015. Baada ya miaka mitatu, kwenye shule za kawaida karibu watoto 40 katika kila 100 walikuwa wamepata tatizo la kutoona mbali. Kwenye shule zilizoongezewa kipindi cha nje, ni kama 30. Inaaminika mwanga wa mchana husaidia jicho lisirefuke kupita kiasi. Kwetu tatizo hilo bado siyo kubwa kama la China, lakini mwanga ule wao waliutengea kipindi kwenye ratiba. Sisi jua tunalo bure, tunamfungia mtoto ndani.

Mwaka huohuo wa 2015, watafiti wa Barcelona, Hispania, walitoa matokeo ya kufuatilia watoto karibu 2,600 wa miaka 7 hadi 10. Waliosoma kwenye shule zenye kijani zaidi, uwezo wao wa kushika na kutumia kumbukumbu ulikua haraka zaidi. Sehemu ya sababu ilikuwa hewa: kwenye kijani kingi, masizi ya magari yalikuwa machache. Hebu fikiria shule zetu zilizo kando ya barabara kuu ya Arusha kwenda Moshi, malori yanapita asubuhi mpaka jioni. Safu ya miti kati ya lami na darasa siyo pambo, ni afya.

Na Finland, mwaka 2020, walileta udongo wa msituni na nyasi kwenye viwanja vya watoto wadogo. Siku 28 tu, bakteria wazuri kwenye ngozi zao wakaongezeka, na vipimo vya damu vikaonyesha kinga inafanya kazi vizuri zaidi. Ila jamani, udongo wa Finland siyo wa kwetu. Kwetu kuna minyoo. Kwa hiyo tunapodai bustani tudai pamoja na choo safi, viatu na maji ya kunawa. Vinakwenda pamoja.

Kuna mzee ataniambia, "Binti yangu, hayo tulikuwa nayo." Ni kweli. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka kila shule iwe na shamba, na mtoto ajifunze kwa mikono. Wazo lilikuwa zuri. Lakini tunajua pia lilivyoharibika sehemu nyingi: jembe likawa adhabu, mtoto akachota maji na kubeba kuni badala ya kusoma. Hatudai hayo yarudi. Kupima urefu wa mti ni hesabu. Kuhesabu wadudu kwenye jani ni sayansi. Kulima shamba la mwalimu ni kunyonywa.

Sasa sheria, maana ndiyo ninayosomea. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 8, inaorodhesha haki za mtoto: chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu. Humohumo kuna haki ya kucheza na kupumzika. Haikuwekwa kama zawadi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 4, inampa kila mtu haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Na mahakama zetu zimewahi kusimama na wananchi: wakazi wa Tabata, na baadaye wa Kunduchi Mtongani, walilishtaki Jiji la Dar es Salaam kwa kutupa taka kwenye makazi yao, wakashinda. Walikuwa watu wa kawaida kama sisi.

Mnakumbuka Lang'ata, Nairobi? Januari 2015 watoto wa shule ya msingi walirudi wakakuta uwanja wao umezungushiwa ukuta. Wakaandamana kwa sare zao. Polisi wakawapiga mabomu ya machozi. Watoto! Lakini ukuta ulianguka, na uwanja ukarudi shuleni.

Na hapa Meru hatuhitaji kufundishwa ardhi ni nini. Mwaka 1951 wazee wetu walifukuzwa Engare Nanyuki, nyumba zikachomwa. Wakachangishana, na mwaka 1952 Japhet Kirilo akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa, New York. Kama wao walifika New York, sisi tunashindwaje kufika ofisi ya kijiji?

Kwa hiyo kazi ni hizi. Kwanza, kila mmoja aende kwenye kamati ya shule ya kwao aulize: eneo letu limepimwa? Lina hati? Eneo lisilo na hati leo ni uwanja, kesho ni fremu za maduka. Pili, mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye miaka 18, na sheria inataka uitishwe angalau kila miezi mitatu. Nendeni, tena muulize kwa sauti. Tatu, halmashauri zinaagizwa kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Tusipige picha Aprili mosi tukaondoka. Turudi Oktoba tuhesabu iliyobaki hai shuleni, halafu tumwulize diwani, wa chama chochote, nani alipewa kazi ya kuimwagilia.

Mtoto wa darasa la pili hana kadi ya kupigia kura. Sisi tunayo.