Mtoto Anapochelewa: Pa Kuanzia Kutafuta Tiba ya Shughuli Kilifi



Mazungumzo haya yanamhusu mtoto ambaye wenzake wameketi naye bado hajaketi, au wenzake wanashika kijiko naye mkono wake umekunjwa ngumi. Karibu kila kijiji kina mtoto kama huyo, hata kama hatolewi nje watu wakamwona.

Chukua mfano wa mama wa Bamba mwenye mtoto wa miezi 10. Siku ya kuzaliwa mtoto hakulia mara moja, na wauguzi walihangaika naye kabla hajapata pumzi. Sasa shingo yake bado ni legevu, na mama akimbadilisha nepi miguu inakakamaa na kupishana kama makasi. Mama mkwe anamtuliza: "Mwanangu, usijitie hofu. Hata babake alichelewa, na leo si huyo anapanda minazi?" Jirani anamshauri apelekwe kwa mganga. Baba yuko Mombasa kwa vibarua, anasema wangoje mwisho wa mwezi. Hakuna hata mmoja kati yao anayemchukia mtoto huyo. Lakini mwaka unakwisha, na wa pili unaingia.

Mama mkwe hajakosea kabisa, kwa sababu watoto hawalingani. Yupo anayetembea akiwa na miezi 10 na yupo anayetembea akiwa na miezi 16, na wote wawili ni wazima. Hata hivyo kuna mipaka. Watoto wengi huwa wameshika shingo kabla ya kutimiza miezi 4, huketi bila kushikwa kabla ya miezi 9, na hutembea kabla ya miezi 18. Hatua hizi zimo ndani ya kijitabu cha mama na mtoto, kile kinachobebwa kila siku ya chanjo. Wengi hukifungua ukurasa wa chanjo na wa uzani, kisha wakakifunga. Ukurasa wa makuzi uko humo humo.

Ziko pia dalili ambazo mama huziona kabla ya daktari. Mtoto anayetumia mkono mmoja tu kabla ya kufikisha mwaka si hodari wa mkono huo. Huenda ule mwingine una shida. Mtoto anayepaliwa kila anapolishwa uji, mtoto asiyegeuka akiitwa, mtoto aliyekuwa akisema maneno mawili matatu kisha akanyamaza: wote hao wanastahili kuonwa na mtaalamu, tena wiki hii.

Jambo hili si geni Kilifi. Watafiti waliwahi kuwapima watoto zaidi ya 10,000 wa umri wa miaka 6 hadi 9 katika kaunti hii, wakianza kwa kuwauliza wazazi maswali 10 mepesi. Je, mtoto alichelewa kuketi au kutembea? Je, anaelewa anapoambiwa jambo? Je, huanguka kifafa? Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka wa 2006, yalionyesha kuwa watoto wapatao 61 katika kila 1,000 walikuwa na athari ya wastani au kubwa katika ubongo na mishipa ya fahamu. Darasa la watoto 50, basi, laweza kuwa na watatu. Sababu ni nyingi: kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, manjano makali ya mtoto mchanga yasiyotibiwa, homa ya uti wa mgongo, malaria iliyopanda kichwani. Laana na uchawi havimo katika orodha hiyo, na mama hana kosa.

Tiba ya shughuli ni nini hasa? Mlangoni hospitalini pameandikwa Occupational Therapy, au herufi mbili tu, OT. Watu wengi huwaita wahudumu wake "madaktari wa mazoezi", jina ambalo huwachanganya na wale wa fiziotherapi wa chumba cha pili. Wa fiziotherapi hushughulika zaidi na misuli, viungo na mwendo. Mtaalamu wa tiba ya shughuli huuliza swali jingine: mtoto huyu ataishije siku yake? Atakulaje, atavaaje, ataendaje chooni, atachezaje, atashikaje penseli? Huwahudumia watoto wenye utindio wa ubongo, ambao wazazi huuita CP, wenye usonji, wenye daun sindromu, na hata yule ambaye tatizo lake ni mwandiko na kutotulia darasani. Ukifika dirishani, taja OT. Ukisema "mazoezi" tu, unaweza kushinda kwenye foleni isiyo yako.

Sasa, safari inaanzia wapi? Haianzii Kilifi mjini, wala Mombasa. Inaanzia kwa mhudumu wa afya ya jamii, yule CHP anayepita nyumba hadi nyumba. Mwambie ulichokiona bila kuficha. Kutoka hapo mtoto apelekwe kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ambako muuguzi atamtazama na kuandika barua ya rufaa. Barua hiyo ni muhimu kuliko inavyoonekana: mzazi aliye nayo huelekezwa moja kwa moja, asiye nayo huanza upya.

Mtoto hupelekwa hospitali ya kaunti ndogo, au Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Kilifi ambako idara ya tiba ya shughuli ipo. Wakazi wa Rabai na Mariakani huona Mombasa kuwa karibu zaidi, na huko wana hospitali kuu ya rufaa ya Pwani pamoja na kituo cha APDK, chama cha kuwahudumia walemavu kilichoanzishwa mwaka wa 1958, ambacho pia hutengeneza viti vya magurudumu na vifaa vingine. Lakini kabla ya kupanda matatu, mwombe muuguzi wa zahanati apige simu aulize siku ya kliniki ya watoto. Wataalamu hawa ni wachache, na mara nyingi watoto huonwa siku maalumu za wiki. Mama anayetoka Bamba alfajiri na mtoto mgongoni, akapita Ganze, akafika Kilifi na kuambiwa arudi Alhamisi, huenda asirudi tena. Nauli hiyo ilikuwa ya unga.

Kuhusu gharama, hakikisha familia nzima imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kwa kubonyeza *147#, na kwamba jina la mtoto limeingizwa chini ya mzazi. Zahanati na vituo vya afya hulipiwa na hazina ya afya ya msingi, kwa hivyo hatua za kwanza zisikutie wasiwasi. Kuanzia hospitali za kiwango cha 4, mchango wa familia lazima uwe umelipwa. Ukifika huko, pitia dawati la SHA kabla ya kuingia kliniki, uulize ni kipi kitalipiwa na kipi utatoa mfukoni. Ni swali la haki yako, si la kuona haya.

Mtoto akithibitishwa kuwa na ulemavu, hospitali iliyoidhinishwa hufanya tathmini, kisha husajiliwa na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu na kupewa kadi. Wazazi wengine huikataa kadi hiyo wakidhani inamtia mtoto alama. Alama ameshatiwa na majirani; kadi humfungulia njia ya kuomba vifaa vya kumsaidia. Kwa wenye ulemavu mkubwa kuna mpango wa Inua Jamii, unaotoa shilingi 2,000 kwa mwezi. Fedha hizo hazitoshi kumlea mtoto, ila huweza kumfikisha kliniki.

Yupo pia mtaalamu wa kibinafsi, anayekuja nyumbani au kufungua chumba mjini. Si vibaya kumtumia, ila mwombe akuonyeshe cheti cha chuo, kwa mfano cha KMTC, na leseni yake. Anayekuahidi kwamba CP itatoka mwilini kwa vikao kumi, mwache aende zake. Vivyo hivyo na anayevuta viungo kwa nguvu huku mtoto akilia kwa uchungu. Athari iliyokwisha kutokea kwenye ubongo haifutiki. Kinachobadilika ni uwezo wa mtoto, na hubadilika kwa urahisi zaidi katika miaka ya kwanza, wakati ubongo unakua kwa kasi. Ndiyo maana miezi ile ya kungoja ni ghali.

Siku ya kwanza kliniki, wazazi wengi hutarajia mashine. Badala yake humkuta mtaalamu ameketi kwenye mkeka, anacheza na mtoto kwa kifuniko cha chupa. Wengine huvunjika moyo hapo hapo: "Nimelipa nauli yote hii kuja kuona mchezo?" Mchezo huo ndio tiba. Anatazama mkono unavyonyooka, jicho linavyofuata, mgongo unavyojishikilia. Tena anamfundisha mama, kwa sababu kikao cha nusu saa kwa mwezi hakiwezi kushinda saa nyingine zote ambazo mtoto yuko nyumbani.

Mengi atakayofundishwa hayahitaji fedha. Mtoto asiyeweza kuketi huwekwa ndani ya beseni, leso zikakunjwa na kupangwa kumzunguka, akapata kuona dunia akiwa wima badala ya kutazama dari kutwa. Hulishwa akiwa ameketi, kichwa kikiinama kidogo mbele, kijiko kidogo kidogo, kamwe si akiwa chali, kwani uji unaweza kuingia mapafuni. Kumvisha shati, anza na mkono dhaifu. Kumvua, anza na ule wenye nguvu. Ziko hata familia zilizofundishwa kutengeneza kiti cha mtoto kwa maboksi makuukuu, magazeti na gundi ya unga, kikakauka kikawa kigumu kama mbao. Na baba akirudi kutoka Mombasa, naye aonyeshwe. Mama mkwe vilevile. Mtoto aliyezoeshwa na mtu mmoja tu hukwama siku mtu huyo akiugua.

Inapokaribia miaka ya shule, kaunti ndogo zina vituo vya tathmini ya elimu, EARC, ambavyo hupatikana kupitia ofisi ya elimu. Huko ndiko mtoto huelekezwa shule ya kawaida, shule yenye kitengo maalumu au shule maalumu. Nenda na ripoti ya OT. Mwalimu akijua kwamba mtoto anahitaji meza ya kimo fulani au penseli iliyofungwa kitambaa ili ishikike, hatamwona mvivu. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata elimu, na mwalimu mkuu anayemrudisha mtoto nyumbani kwa sababu hatembei anapaswa kukumbushwa hivyo mbele ya afisa wa elimu.

Kwa anayekwenda mara ya kwanza, abebe kijitabu cha mama na mtoto, barua ya rufaa, kitambulisho, na cheti cha kuzaliwa cha mtoto au ile karatasi ya taarifa ya kuzaliwa. Abebe na chakula anachokula mtoto kila siku pamoja na kijiko chake, maana mtaalamu atataka kuona anavyolishwa. Kama simu ina kamera, arekodi mtoto akiwa nyumbani anacheza au anajaribu kuketi. Kliniki watoto wengi huogopa, hawafanyi chochote. Na kabla ya kuondoka, aulize mambo mawili: zoezi gani lifanywe nyumbani, na tarehe ya kurudi. Tarehe hiyo iandikwe ndani ya kijitabu.