Njia ya Pili ya Kuijua Njia
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Michenga)



Katika kuadhimisha miaka 10 ya Chama, nimepewa nafasi niseme machache juu ya usalama wa wale wavukao maji kwenda mashambani. Tangu daraja la Mto Kilombero, lenye urefu wa mita 384, lilipozinduliwa mwaka 2018, magari na mizigo hupita pasipo kungoja kivuko. Lakini daraja halifiki kila shamba. Masika yakizidi, mbuga hugeuka ziwa, matete huficha vijia, na mwenye mtumbwi hubaki na maarifa yake tu.

Siku hizi wengi hutegemea simu, wala si vibaya. Simu huonyesha mahali ilipo kwa ishara za setilaiti, hata pasipo mnara, mradi ramani imehifadhiwa ndani yake mapema. Lakini maji huiharibu, na betri ikiisha huzimika. Basi mwenye kutafuta chombo cha akiba na ajiulize swali moja: je, kitashindwa kwa sababu ile ile iliyokishinda cha kwanza? Simu mbili katika mfuko mmoja ulioloa ni sawa na simu moja, na tochi iliyo ndani ya simu si tochi ya akiba.

Chombo kifaacho ni dira, ambayo manahodha wa pwani wameitegemea tangu zamani. Haitaki umeme, wala haitaki mnara. Lakini ikae mbali na panga, jembe, redio na simu yenyewe, kwa maana chuma na sumaku huipotosha sindano yake. Tena dira haisemi ulipo. Huonyesha upande tu. Kwa hiyo yafaa kuujua upande wa kurudia kabla ya kuondoka. Kwetu Udzungwa iko kaskazini-magharibi, milima ya Mahenge kusini-mashariki, na mto u kati. Aliye mtoni akishika kaskazini-magharibi anarudi upande wa Ifakara.

Msaada wa tatu hauuzwi dukani. Jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini mwezi Juni, na upande wa kusini mwezi Desemba. Na usiku wa Aprili na Mei, Msalaba wa Kusini huonekana upande wa kusini. Ila masika huleta mawingu, ndiyo maana elimu hii haiondoi haja ya dira.

Ombi langu ni hili: Chama kinunuapo pembejeo kwa pamoja, kinunue na dira kwa wenye mitumbwi, na wazee waijuao mbuga wawafundishe vijana. Huenda mtu akauliza, fedha ya mpunga yahusiana nini na dira? Mpunga hauji ghalani wenyewe. Huletwa na mtu. Tuhesabupo magunia, kwanza tuwahesabu wapiga kafi, tuone kama wote wamerudi.