Bukta umenunua, deni je?

Msikilizaji, kijana akiitwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), nyumba nzima huhangaikia bukta ya bluu yenye mpira kiunoni, raba na shuka. Deni la Songesha, ule mkopo wa simu, hakuna anayeliuliza. Nalo haliendi kwata. Linabaki mtaani likiongezeka.

Kambini si mahali pa kushika simu utakavyo. Basi lipa mikopo ya simu kabla ya kuripoti. Ukishindwa, mfuate mkopeshaji mapema, mpange tarehe, mwandikishane. Kukopa "kausha damu", mikopo ya riba kali, ili kufunga deni jingine ni kujitia kitanzi.

Wanaoitwa kwa mujibu wa sheria wana afadhali, mafunzo yao ni miezi mitatu. Anayejitolea huondoka kwa miaka miwili, na chumba cha kupanga hakina maana: kabidhi ufunguo, dai risiti ya kodi ya mwisho. Kwenye kikoba, mwambie katibu mbele ya wanachama nani atakulipia hisa, na kila malipo yaandikwe kwenye daftari.

Mwachie mama au dada fedha taslimu za malipo hayo, msihesabu kwa macho, hesabuni pamoja. Namba ya siri ya pesa za simu usimpe mtu, hata mchumba.

Wazazi, muulizeni kijana wenu leo, kabla hajapanda basi: unadaiwa na nani?