Umri wa Divai Si Dhamana ya Ubora



Wengi wetu huamini kwamba divai kadiri inavyokaa ndivyo inavyozidi ubora. Imani hiyo hutugharimu. Divai nyingi hutengenezwa ili zinywewe zingali changa. Chache tu, kama zile nyekundu za zabibu za Syrah kutoka kilima cha Hermitage nchini Ufaransa, huweza kukomaa kwa miaka 20 au zaidi.

Ndani ya chupa, tanini, yaani ule ukakasi unaokausha ulimi, hushikamana polepole na chembe za rangi na kutuama kama mashapo. Rangi ya zambarau hugeuka kuwa ya matofali, ukakasi hulainika, na harufu ya matunda na pilipili manga huipisha ile ya ngozi na majani makavu. Mashapo hayadhuru, tumimine taratibu yabaki chupani. Harufu ya siki, hata hivyo, ni dalili ya uharibifu.

Kabla ya kulipia umri, tuulize chupa ilihifadhiwa wapi: gizani, kwenye nyuzi joto 12 hivi, au rafuni penye joto na mwanga? Tukague pia shingo yake: divai iliyopungua hadi mabegani huashiria kizibo kilichopitisha hewa.