Kijana Aliye Mlangoni pa Utu Uzima
(Hotuba ya Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Nimeagizwa niseme machache juu ya vijana wetu wa miaka 16 hadi 19. Hao si watoto tena, wala hawajawa watu wazima, na wengi wetu hatujui tuwaweke upande upi.

Miili yao hutudanganya. Sauti imekuwa nzito, ndevu zimeota, gunia la mahindi alibeba peke yake, nasi husema, "Huyu ni mtu mzima, ajitafutie." Lakini wataalamu wametuonyesha kwamba ile sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, ambayo kazi yake ni kupima mambo, kupanga ya kesho na kujizuia, hukomaa mwisho, mtu akaribiapo miaka 25. Sheria ya Kenya ya mwaka 1974 humhesabu mtu kuwa mzima kwa miaka 18. Basi kitambulisho hutangulia, na busara hufuata nyuma.

Sisemi kijana hana akili. Akiwa ametulia peke yake hupima vizuri. Taabu huja mbele ya rika lake. Mwaka 2005 wataalamu wawili wa Marekani, Margo Gardner na Laurence Steinberg, walieleza jinsi walivyowapa watu mchezo wa kuendesha gari katika kompyuta. Vijana wa miaka 13 hadi 16 walijitia hatarini zaidi sana wenzao walipokuwapo. Wa miaka 18 hadi 22 kadhalika, ila si kwa kiasi hicho. Wa miaka 24 na zaidi hawakubadilika. Nasi huyaona hayo barabarani: kijana wa bodaboda aendaye polepole, akipakia rafiki zake wawili, huanza kushindana na matatu.

Sasa tutazame desturi yetu. Shuleni mtoto ana mwalimu, kengele na ripoti. Amalizapo Kidato cha Nne, sote twamwachilia siku ile ile. Huja mjini kwa mjomba wake, hulala sebuleni, hana kazi wala mtu wa kumwuliza habari. Twamwita mvivu kwa kuchelewa kuamka, hali katika umri huo usingizi wenyewe huja kwa kuchelewa, na mwili wahitaji saa 8 hadi 10. Wazee walisema, samaki mkunje angali mbichi. Huyu bado hajakauka.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwanza, kila mwanachama mwenye ufundi au duka amchukue kijana mmoja, mvulana au msichana, amfundishe kazi na kumkabidhi jambo la kweli: ufunguo, au daftari la mauzo. Akikosea, aonywe faraghani, si mbele ya wenzake. Pili, Halmashauri yetu iwape vijana viti viwili, nao wasikilizwe. Mtu hujifunza kuchukua mzigo kwa kuuchukua, mkubwa wake akiwa karibu.

Ndugu zangu, chama hiki huchanga upesi kwa ajili ya hospitali na mazishi, nayo ni sifa yetu. Tuwachangie vijana walio hai saa mbili kwa juma, kabla hatujaitwa kuwachangia fedha.