Maji ya Kupozea Yajiongoze Yenyewe

MTANGAZAJI: Leo nazungumza nawe unayekeneka mafuta ya mchaichai au ya mkaratusi ili kutengeneza sabuni na kupata chochote cha kuuza.

Kazi hiyo unaijua. Maji yanachemka, mvuke unapita kwenye majani na kubeba mafuta. Kisha unaingia katika bomba lililozungukwa na maji baridi, unageuka kuwa maji tena, na mafuta yanaelea juu. Maji ya kupozea yakipungua, mvuke unatoka nje na mafuta yako yanapotea hewani. Ukiyafungulia mno, unamwaga maji ambayo jirani yako ameyapangia foleni tangu alfajiri.

Tupige hesabu. Kukeneka lita 1 kwa maji yanayoingia yakiwa nyuzi 25 na kutoka yakiwa 35 tu, yaani vuguvugu, unahitaji takriban lita 60 za kupozea. Hayo ni madumu matatu, au mabidoni matatu kama wengine wetu tunavyosema. Kiwango cha chini cha kimataifa ni lita 15 kwa mtu kwa siku, kwa hiyo umemwaga maji ya watu wanne. Lakini maji hayohayo yakitoka yakiwa na nyuzi 55, dumu moja linatosha.

Basi kinachopaswa kuongoza maji ni joto lake yanapotoka. Nawe huwezi kushika koki kutwa nzima, una watoto na una moto wa kuangalia. Zipo njia mbili.

Ya kwanza haihitaji umeme. Weka pipa la maji la lita 200 juu kuliko chombo cha kupozea. Bomba moja litoke chini ya pipa na kuingia chini ya chombo. Bomba la pili litoke juu ya chombo, lipande bila kubonyea popote, na lirudi ndani ya pipa chini ya usawa wa maji. Tumia mabomba mapana. Maji ya moto hupanda na ya baridi hushuka, kwa hiyo yatazunguka yenyewe. Moto ukizidi, nayo huongeza mwendo. Pipa hilo linatosha kwa takriban lita 10 za kukeneka. Usiku maji yanapoa, kesho unayatumia tena.

Ya pili ni kwa kikundi chenye sola. Nunua kidhibiti joto cha volti 12, kama kile cha mashine ya kutotolesha vifaranga, na pampu ndogo. Funga kihisi joto kwenye bomba la kutokea maji ya kupozea. Pampu iwake yakifika nyuzi 50, izime yakishuka hadi 45. Kihisi kifungwe imara, kwa sababu kikichomoka kitapima hewa, pampu italala na mvuke utatoka.

Kwa njia zote mbili, sikiliza haya. Mtu asiondoke kwenye moto. Maji ya kupozea yakisimama, toa kuni kwanza, halafu ndipo utafute kosa. Bomba la kutolea mafuta lisizibwe kamwe, kwa maana mvuke uliofungiwa hupasua pipa. Watoto wakae mbali. Na mtambo huu usitumike kwa pombe, kwani mvuke wa pombe hushika moto.

Swali la kikundi chenu: leo mmemwaga madumu mangapi kwa kila lita mliyopata? Pimeni kesho, andikeni, kisha mpime tena baada ya kuinua pipa.